Mpini wa fagio, chungwa na maji ya bahari: namna ya kuona mwendo wa dunia, mwezi na jua ukiwa Dar

Mtu ukimuuliza dunia inazungukaje, jibu linakuja bila kufikiri: yenyewe kwa saa 24, jua kwa siku 365 na robo, na mwezi unaizunguka dunia. Sasa muulize leo saa sita mchana jua lilikuwa upande gani wa nyumba yake, kaskazini au kusini. Au mwezi wa usiku huu utachomoza saa ngapi. Wengi wetu hapo tunakwama, kwa sababu somo tulilipata ubaoni na hatukuwahi kutoka nje kulihakiki.

Kuna sababu nyingine. Michoro mingi ya vitabuni inafuata anga la Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima na mwezi mchanga umesimama wima. Dar iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi (digrii) 6.8 tu. Hapa jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, hilali inalala chali, na bahari iko upande wa macheo, kwa hiyo mwezi mpevu unauona ukitoka majini. Ni mahali pazuri kuliko pengi pa kujifunzia jambo hili, na huhitaji darubini.

Vitu vya kuandaa

Tafuta mpini wa fagio ulionyooka. Mwombe fundi seremala aukate na kuupigilia kwenye kibao chembamba ili usimame wenyewe, na urefu kutoka sakafuni hadi nchani uwe mita 1 kamili. Chukua uzi na jiwe dogo, ndiyo timazi yako. Chaki, futi kamba, daftari, chungwa moja kubwa na jingine dogo, kijiti cha mishikaki na tochi ya simu. Basi.

Mahali pawe tambarare na papigwe na jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Uani panatosha. Kwa wa Kariakoo itabidi upande juu kabisa, kwenye matangi ya maji. Kipindi kizuri cha kuanza ni Juni hadi Septemba. Ukianza na masika utakaa wiki nzima ukitazama mawingu.

Na kabla ya yote: usilitazame jua moja kwa moja. Si kwa miwani ya kawaida ya jua, si kwa picha ya eksirei, si kwa taswira yake ndani ya beseni la maji. Kazi yote ya jua katika mwongozo huu inafanywa kwa kivuli.

Hatua ya 1: Itafute saa sita ya kweli

Saa nne asubuhi simamisha mpini, hakikisha kwa timazi kwamba haujainama upande wowote, kisha tia alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli. Funga uzi shinani, uunyooshe hadi kwenye alama hiyo, na uchore duara kuzunguka mpini. Kivuli kitafupika, kitaingia ndani ya duara, halafu baada ya mchana kitaanza kurefuka. Kitakapogusa duara tena upande wa pili, tia alama nyingine na uandike saa.

Majirani watauliza unafanya nini na fagio juani. Waambie unapima dunia, ndiyo kweli yenyewe.

Sasa una alama mbili na nyakati mbili. Katikati ya nyakati hizo ndipo jua lilikuwa juu kabisa, na hiyo ndiyo saa sita ya kweli. Mfano: kivuli kiligusa duara saa 4:00 asubuhi na kikarudi saa 8:46 alasiri, katikati ni saa 6:23 mchana. Kwa Dar hiyo ndiyo wastani wa mwaka. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko kwenye nyuzi 39.3. Dunia inatumia dakika 4 kugeuka uzi mmoja, kwa hiyo jua likishafika juu kabisa kwa watu wa kule, sisi linatufikia dakika kama 23 baadaye. Namba hiyo haitulii: mwanzoni mwa Novemba saa sita ya kweli ya Dar inakuja karibu saa 6:06, na katikati ya Februari inachelewa hadi karibu saa 6:37. Njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoivuta saa mbele na nyuma.

Kama una ndugu au rafiki Arusha, mpe kazi hiyohiyo siku hiyohiyo. Saa sita yake itachelewa kama dakika 10 na nusu kuliko yako, maana Arusha iko magharibi mwa Dar kwa karibu kilomita 290 ukihesabu mashariki–magharibi pekee. Gawanya kilomita kwa muda, utapata kasi ambayo ardhi unayokanyaga inageuka kuelekea mashariki: takriban kilomita 1,660 kwa saa. Hatuisikii kwa sababu haibadiliki, na kila kitu kinachotuzunguka, hewa ikiwemo, kinakwenda nayo.

Usifute alama zako. Unganisha zile mbili za kwenye duara kwa mstari, huo ni wa mashariki–magharibi. Mstari unaotoka katikati yake kwenda kwenye mpini ni wa kaskazini–kusini, na ni sahihi kuliko dira ya simu. Kwa Waislamu wa Dar una faida ya ziada: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, tofauti ni kama uzi mmoja tu kuelekea mashariki. Ukitaka uhakika zaidi, subiri tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, au 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Dakika hizo jua linakuwa utosini mwa Al-Kaaba, nasi saa zetu ni sawa na za Makka. Kivuli cha mpini wako kinakuwa kimeipa kibla mgongo.

Hatua ya 2: Pima kivuli cha saa sita mara moja kwa wiki

Hapa ndipo wengi wanaacha, kwa sababu inataka subira. Lakini usipofanya hatua hii, habari ya dunia kuzunguka jua inabaki maneno ya kuambiwa.

Kila wiki, siku moja, pima urefu wa kivuli saa sita ya kweli na andika kimeelekea wapi. Kwa mpini wa mita 1 hapa Dar, haya ndiyo utakayoyaona. Karibu na 21 Juni kivuli kina sentimita 58 hivi na kimelala kusini, maana jua liko kaskazini yako. Kuanzia hapo kinafupika wiki hadi wiki. Karibu na 22 Septemba kimebaki sentimita 12. Karibu na 10 Oktoba kinatoweka. Mpini umesimama kwenye jua kali na hauna kivuli. Baada ya hapo kinazaliwa upya upande wa pili, kikielekea kaskazini, na karibu na 21 Desemba kinafika sentimita 30. Kisha kinarudi. Karibu na 3 Machi kinatoweka mara ya pili, na safari ya kusini inaanza.

Ile sentimita 12 ya Septemba (na ya 20 Machi) ina thamani yake. Siku hizo jua liko juu ya ikweta kabisa, kwa hiyo pembe kati ya jua na utosi wako ndiyo umbali wako kutoka ikweta. Sentimita 12 kwa mpini wa mita 1 ni pembe ya nyuzi 6.8. Mzunguko wa dunia ni takriban kilomita 40,000. Ukigawa kwa nyuzi 360, uzi mmoja ni kama kilomita 111. Zidisha: ikweta iko kilomita 755 hivi kaskazini ya uani kwako. Umepima kwa fagio.

Anayeishi karibu na bahari ana njia ya pili, tena ya raha zaidi. Nenda ufukweni alfajiri, Coco Beach au Kunduchi, simama sehemu ileile kila mara, na angalia jua linatokea wapi kwenye mstari wa bahari. Nyoosha mkono mbele na kukunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Kati ya Juni na Desemba mahali pa kuchomozea panahama karibu ngumi tano, kutoka kaskazini ya mashariki hadi kusini yake. Juni jua linatokea upande wako wa kushoto, Desemba upande wa kulia.

Hatua ya 3: Lizungushe chungwa

Umeona jua likihama. Sasa tafuta sababu. Choma kijiti cha mishikaki katikati ya chungwa kubwa kutoka juu hadi chini, huo ni mhimili wa dunia. Chora ikweta kwa kalamu, kisha weka nukta chini yake kidogo sana: hapo ni Dar. Weka nukta nyingine juu, zaidi ya nusu ya njia kwenda kwenye kijiti: hapo ni London.

Weka taa isiyo na kifuniko katikati ya meza. Umeme ukikatika usilalamike, simamisha simu na tochi yake, ingawa itabidi uigeuze kufuata chungwa. Inamisha kijiti, karibu robo ya pembe mraba (kwa kweli ni nyuzi 23.4), ncha ya juu ielekee kona moja ya dari. Sasa zunguka meza ukiwa na chungwa. Sharti ni moja: ncha ya kijiti isiache kuelekea kona ileile. Watoto huwa wanaigeuza ifuate taa, na hapo mambo yote yanaharibika.

Upande mmoja wa meza, nusu ya juu ya chungwa imeinamia taa. London inapata mchana mrefu, zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Ukifika upande wa pili, mchana wa London unashuka chini ya saa 8. Iangalie nukta ya Dar pande zote mbili: haibadiliki sana. Ndivyo ilivyo. Mchana wetu mrefu kabisa, wa Desemba, unazidi ule mfupi wa Juni kwa dakika 47 hivi tu. Ndiyo maana muadhini wa Magharibi hapa hahamihami sana, na ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua likitoka, inafanya kazi mwaka mzima.

Kuna imani kwamba kipupwe cha Juni na Julai kinakuja kwa sababu jua limekwenda mbali. Umbali kweli unabadilika: mwanzoni mwa Januari dunia iko kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Lakini Julai hiyohiyo ndiyo Ulaya inaungua kwa joto. Sababu ni mwinamo. Umbali unaongeza kidogo tu.

Hatua ya 4: Nyota nyuma ya kona ya ukuta

Hatua fupi. Chagua sehemu ya kukaa na nyota moja angavu iliyo karibu kuzama nyuma ya kona ya nyumba au mnazi. Andika dakika inapopotea. Kesho, ukiwa umekaa palepale, itapotea dakika 4 mapema. Baada ya mwezi ni saa mbili mapema.

Dunia inamaliza kugeuka kwa saa 23 na dakika 56. Lakini katika muda huo imeshasogea mbele kwenye njia yake, kilomita karibu 30 kila sekunde, na inabidi igeuke dakika nyingine 4 ndipo jua lirudi pale lilipokuwa jana. Wakulima na mabaharia wa pwani walilijua hili kwa Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo zilizokusanyika. Katikati ya Mei kinazama pamoja na jua na hakionekani, Juni kinaibuka upande wa mashariki kabla ya alfajiri. “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Huo ni mwendo wa dunia kuzunguka jua, umewekwa kwenye methali.

Hatua ya 5: Fuata mwezi mmoja tangu kuandama

Anza jioni mwezi unapoandama. Ikiwa ni mwanzo au mwisho wa Ramadhani una wasaidizi wengi, mji mzima unatazama magharibi na kusubiri tangazo la Mufti. Baada ya jua kuzama tafuta uzi mwembamba wa mwanga chini upande wa magharibi. Utaona pembe zake zinatazama juu, tumbo liko chini, kama ngalawa iliyotia nanga. Hakuna ajabu: upande unaong'aa ni ule unaotazama jua, na jua la Dar linazama karibu wima, kwa hiyo liko chini ya mwezi, si pembeni yake.

Kila jioni, saa 1 usiku, chora umbo lake na mahali ulipo. Tumia ngumi kupima umesogea kiasi gani kutoka jana. Utakuta ngumi moja na robo hivi, nyuzi kama 13, na umesogea kuelekea *mashariki*. Hapa panawachanganya wengi, kwa kuwa usiku huohuo unauona mwezi ukishuka magharibi. Kushuka magharibi ni kazi ya dunia kugeuka, na kunawapata jua, mwezi na nyota vilevile. Kusogea mashariki ni mwendo wa mwezi wenyewe. Ukitaka kuuona waziwazi usiku mmoja, chagua usiku ambapo nyota angavu iko karibu sana na mwezi. Tazama saa mbili usiku, kisha saa tatu, kisha saa nne. Katika kila saa mwezi unasogea kiasi cha upana wake mwenyewe ukilinganisha na nyota ile. Nimeonyesha watu hili barazani, na kila mara anatokea mmoja wa kusema nyota ndiyo iliyohama.

Siku ya saba hivi utakuwa nusu, na jua likizama utaukuta karibu na utosi. Siku ya 14 au 15, shuka ufukweni tena, safari hii jioni. Jua linazama nyuma yako juu ya nyumba, na karibu wakati huohuo mwezi mpevu unachomoza mbele yako baharini. Wewe na dunia yako mko katikati. Ni picha ambayo mchoro wa kitabu hauwezi kukupa, na ni bure kila mwezi.

Baada ya hapo kila siku utachelewa kuchomoza kwa kama dakika 50. Siku ya 22 unatoka karibu usiku wa manane, na asubuhi ukienda kazini bado unaukuta juu mchana kweupe. Mwisho unakuwa uzi tena, sasa upande wa mashariki kabla ya jua, halafu unapotea siku mbili tatu.

Ili kuona kwa nini umbo linabadilika, ingia chumba chenye giza na chungwa dogo. Weka taa mbele yako usawa wa macho. Kichwa chako ni dunia. Shika chungwa kwa mkono ulionyooka, liinue kidogo juu ya taa, kisha geuka polepole kushoto ukilitazama bila kuliacha. Likiwa upande wa taa, linakuonyesha mgongo wa giza. Ukigeuka robo, nusu yake inang'aa. Taa ikiwa kisogoni, linang'aa lote. Nusu ya chungwa ina mwanga muda wote. Kinachobadilika ni sehemu unayoiona wewe. Kivuli cha dunia hakihusiki kabisa na hilali, ingawa utasikia watu wazima wakisema hivyo. Angalia pia kwamba upande uleule wa chungwa ndio uliokutazama mzunguko wote: nao mwezi unajigeuza mara moja kila unapotuzunguka, ndiyo maana hatuuoni mgongo wake.

Mwezi unamaliza kuizunguka dunia kwa siku 27.3. Lakini kutoka kuandama hadi kuandama ni siku 29.5, kwa sababu dunia nayo imesogea, na mwezi unahitaji siku mbili za ziada kulifikia jua. Hiyo nusu ndiyo inayofanya mwezi mmoja uwe na siku 29 na mwingine 30. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11, na kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka. Pasaka nayo imefungwa kwenye mwezi: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, ndiyo maana haina tarehe moja.

Hatua ya 6: Yasome maji

Ukiwa na daftari lako la mwezi, nenda baharini. Chagua nguzo ya gati au jiwe kubwa lisilohama, na usubiri maji yajae hadi mwisho. Andika saa. Rudi kesho. Maji yatajaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Fungua daftari: ni dakika zilezile 50 za mwezi kuchelewa kuchomoza.

Mwezi unavuta dunia, lakini hauvuti pande zote kwa nguvu sawa. Maji yaliyo upande wake yanavutwa zaidi kuliko kiini cha dunia, na kiini kinavutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma. Dunia inakuwa na vilima viwili vya maji, mbele na nyuma, nayo inageuka ndani yake. Kwa hiyo bahari inajaa mara mbili, ikiachana kwa saa 12 na dakika 25 hivi. Nchi kavu zinazuia maji yasikimbie kuufuata mwezi papo hapo. Hapa Dar yanajaa kama saa nne baada ya mwezi kupita juu kabisa. Ukijua hilo unaweza kukisia maji kwa kutazama angani tu. Mwezi uko juu kabisa saa 12 jioni? Maji yatajaa karibu saa 4 usiku.

Jua nalo linavuta maji, kwa karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua, dunia na mwezi viko kwenye mstari mmoja na nguvu zinaungana: hiyo ni bamvua. Inafika kilele siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu. Siku hizo Dar maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa karibu saa nne asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Saa nne ya bamvua nenda Kigamboni au Kunduchi uone bahari ilivyoondoka: miamba iko nje, ngalawa zimelala mchangani, na watu wa pweza wako mbali na fimbo zao wakichokoa mashimo. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua linavuta pembeni na kupunguza kazi ya mwezi. Hayo ni maji mafu; yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, na saa zake zimegeuka, kujaa ni karibu saa nne.

Mvuvi wa Feri hahitaji hesabu yoyote hapa. Muulize leo ni maji gani, atakujibu bila hata kuinua macho kwenye wavu. Wewe, kama si mzoefu, usitembee mbali kwenye miamba wakati wa bamvua bila kuangalia saa. Maji yakianza kurudi yanapita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na unajikuta uko kisiwani.

Hatua ya 7: Jiandae kwa kupatwa

Kama kila mwezi mchanga unapita upande wa jua, mbona jua halipatwi kila mwezi? Rudia zoezi la chungwa dogo, na angalia lile sharti la kuliinua kidogo juu ya taa. Ukilishusha usawa wa taa linaifunika kabisa. Njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi unapita juu au chini ya jua. Wakati wa mpevu vilevile unakikwepa kivuli cha dunia. Mstari unanyooka katika majira mawili tu kwa mwaka.

Vipimo halisi vinasaidia kuelewa jinsi shabaha ilivyo finyu. Weka mpira wa miguu mwanzo wa mtaa, ndiyo jua. Tembea mita 24, hatua kama 30 za mtu mzima, weka punje ya uwele yenye upana wa milimita 2. Hapo ndipo dunia. Mwezi ni punje ya mchanga, sentimita 6 kutoka kwenye uwele. Kivuli cha punje ile ya mchanga ndicho kinachotakiwa kuuangukia uwele. Kinachowezesha ni jambo moja: jua lina upana mara 400 hivi wa mwezi, na liko mbali mara karibu 400. Machoni yanalingana. Mwezi ukiwa kwenye sehemu ya mbali ya njia yake unaonekana mdogo kidogo, haulifuniki jua lote, na pembeni inabaki pete ya mwanga. Ndivyo ilivyokuwa 1 Septemba 2016 pale Rujewa, Mbarali. Dar siku hiyo tuliliona likiliwa bila kufika kwenye pete.

Kupatwa kwa mwezi hakuhitaji kinga yoyote. Usiku wa 7 Septemba 2025 anga la Dar lilikuwa na kupatwa kamili kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, mwezi mwekundu kama matofali, kwa sababu mwanga pekee unaoufikia ni ule uliopenya kwenye hewa ya dunia na kupoteza rangi ya buluu njiani. Ukitaka nafasi nyingine nzuri, kaa ufukweni jioni ya 31 Desemba 2028: mwezi utachomoza baharini ukiwa tayari umeanza kuliwa.

La jua la kusubiri hapa Dar ni la 2 Agosti 2027. Litakuwa kamili kwa wenzetu wa Misri, Saudi Arabia na kaskazini ya Somalia. Dar tutaona sehemu, mchana. Tengeneza kifaa mapema. Chukua boksi refu, la jozi ya viatu linafaa. Kata tundu la mraba upande mmoja mfupi, lifunike kwa karatasi ya alumini, kisha toboa alumini kwa pini, tundu moja dogo la duara. Ndani ya upande wa pili bandika karatasi nyeupe, na kwenye kifuniko toboa pa kuchungulia. Lipe jua mgongo, lielekeze tundu nyuma juu ya bega, na utazame karatasi: kutakuwa na kijiduara cha mwanga, na kipande kimemegwa. Ukisahau boksi nyumbani, simama chini ya mwembe na uangalie ardhini. Kila upenyo kati ya majani unafanya kazi ya pini, na mchanga wote utajaa hilali ndogondogo.